Barua ya Wazi kwa Wanaotengeneza Ruta na Wanaoziidhinisha: Tufungulieni Vifaa Tulivyovinunua

Kwa:
Wakurugenzi wa kampuni zinazotengeneza ruta na chipu za Wi-Fi,
Wakuu wa mamlaka za mawasiliano,
Makamishna wa forodha.

YAH: GHARAMA YA VIFAA VYA MITANDAO YA MESHI INAYOJENGWA NA WANAJAMII

Waheshimiwa,

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeimaliza. Barua ya kwanza niliipeleka kwa kampuni iliyotengeneza ruta tulizonunua, yaani vile vifaa vinavyopokea intaneti na kuigawa kwa Wi-Fi. Nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba kifaa hakikutengenezwa kwa matumizi ninayoyataja. Ya pili niliipeleka kwa mamlaka inayoidhinisha vifaa vya redio. Nikapewa namba ya kumbukumbu, na tangu siku hiyo kimya. Ya tatu niliipeleka forodha. Nikaambiwa nirudi na wakala. Miezi 14 imepita. Ruta 31 za mradi wetu bado ziko kwenye maboksi chini ya meza, na watu waliochanga fedha zao kuzinunua huniuliza kila wanaponiona zitafungwa lini.

Kazi yangu ni kufunga nodi, yaani vituo vidogo vya mtandao, kila kimoja ruta na antena yake. Napanda juu ya paa, naelekeza antena, navuta waya, kisha nawafundisha wenyeji namna ya kuutunza mtandao baada ya mimi kuondoka. Ninapozungumzia mtandao wa jamii simaanishi mitandao ya kijamii ya kutumiana picha na habari. Nazungumzia mtandao wenyewe: ruta ya paa hili inaongea na ruta ya paa lile, ile nayo inaongea na ya shule, ya shule na ya zahanati, mpaka kufika penye kiungo cha intaneti. Kila nodi hubeba data ya jirani yake. Moja ikizimika, data hutafuta njia nyingine ya kupita. Mtandao wa namna hii ndio uitwao meshi. Mnara hauhitajiki, na walioujenga ndio wanaoumiliki.

Haya si majaribio ya juzi. Mtandao wa jamii wa Guifi.net ulianza Catalonia, Uhispania, mwaka 2004 na una nodi zaidi ya 35,000. Wanajamii wa Freifunk huko Ujerumani wamekuwa wakipandisha ruta juu ya mapaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kutoka kwao ndiko ilikozaliwa protokali ya B.A.T.M.A.N., yaani kanuni ambazo nodi hufuata kutafutiana njia za data. Toleo lake la batman-adv liliingizwa mwaka 2011 kwenye kernel, yaani kiini, ya mfumo endeshi huria wa Linux. Mwaka huohuo kiwango cha 802.11s, kinachoziwezesha redio za Wi-Fi kuunda meshi zenyewe, kilipitishwa rasmi. Kule Mankosi, Afrika Kusini, wanakijiji wa Zenzeleni wana ushirika wao unaoendesha mtandao wao. Maarifa yapo, programu zipo, na zote ni bure. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti. Wengi wao wanaishi mahali ambapo hesabu za kampuni za simu haziwafikii, na meshi ingeweza kuwafikia.

Kinachotukwamisha ni boksi la plastiki lenye antena. Na watu wanaosikia hivyo hudhani tunalalamikia bei ya dukani. Sivyo. Ruta zenye uwezo wa kazi hii hutengenezwa kwa mamilioni, na ni miongoni mwa kompyuta rahisi kuliko zote zinazouzwa duniani. Ghali hii tunayoilipa huanza baada ya kifaa kutoka kiwandani, na kila sehemu yake ni uamuzi wa mmoja wenu. Nitazieleza moja moja.

1. Mnafunga kifaa ambacho mmeshakiuza.

Anayenunua ruta hununua kompyuta ndogo. Ina prosesa, ina RAM ya kufanyia kazi, ina flashi ya kuhifadhia programu, na ina redio. Programu inayoiendesha huitwa fimwea, na fimwea ya kiwandani hujua kazi moja: kupokea intaneti kwa waya na kuigawa ndani ya nyumba. Haijui 802.11s ya pamoja, haijui batman-adv. Hata nyingi ya zile mnazoziuza kwa jina la meshi huzungumza na ndugu zao wa chapa ileile tu. Ukiweka pembeni kifaa cha kampuni nyingine, hazifahamiani. Kwa hiyo jambo la kwanza tunalofanya ni kuflashi: tunaiondoa fimwea ya kiwandani na kuweka OpenWrt, ambayo ni fimwea huria, halafu juu yake tunaweka programu za meshi.

Zamani hiyo ilikuwa kazi ya dakika tano kupitia ukurasa wa mipangilio. Leo, kwenye modeli nyingi, butiloda, yaani kiprogramu kinachoamsha kifaa, hukagua saini ya kidijitali ya kampuni na kukataa fimwea yoyote isiyo nayo. Hapo inabidi tukifungue kifaa kwa bisibisi, tutafute pini za siriali kwenye bodi, tulehemu nyaya tatu nyembamba, na mara nyingine tuing'oe chipu ya flashi na kuiandika nje ya bodi. Nimewafundisha vijana kazi hii na wanaiweza. Lakini kila kifaa hula nusu siku ya fundi, na vingine hufia mezani. Gharama hiyo haiandikwi kwenye risiti, ila sisi tunailipa.

Kuna jambo hapa linaloniuma, na naomba mnivumilie nilitamke. Ndani ya nyingi ya ruta hizo mnazozifunga mna Linux. Hamkuiandika ninyi. Leseni yake, GPL toleo la 2, iliwaruhusu kuitumia bila kulipa chochote kwa sharti kwamba anayepokea programu apate msimbo wake kamili, zikiwamo skripti za kuiunda na za kuisakinisha. Kusakinisha kumetajwa ndani ya leseni yenyewe. Waandishi wa kernel hiyo waliwapa kazi yao ili nanyi mtupe sisi nafasi ileile. Mmepokea, mmeuza, kisha mmefunga mlango nyuma yenu.

2. Mnabadilisha kifaa bila kubadilisha jina.

Hapa ndipo zilipotoka ruta zetu 31. Tulianza kwa uangalifu: tulinunua mbili za modeli moja, tukaziflashi, tukazipandisha juani na mvuani kwa miezi miwili, zikafanya kazi bila kusita. Ndipo tukaagiza 40 za jina hilohilo na namba hiyohiyo ya modeli. Zilipofika, 9 tu zilikuwa za toleo tulilolijaribu. Nyingine zote zilikuwa na chipu tofauti, flashi iliyopunguzwa kutoka megabaiti 16 hadi 8, na butiloda iliyofungwa. Picha kwenye boksi haikuwa imebadilika hata kidogo. Tofauti ilikuwa herufi mbili kwenye stika iliyobandikwa chini ya kifaa, ndani ya boksi lililozibwa kwa nailoni. Muuzaji hakujua. Wakala wake hakujua. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia, na aliyelifunga gunia hilo alikuwa mtengenezaji.

Jambo hili lina historia. Kampuni ya Linksys ilipotoa ruta ya WRT54G mwishoni mwa mwaka 2002, wadadisi waligundua kwamba ndani yake mna Linux, na mwaka 2003 msimbo wake ukatolewa. Juu ya msimbo huo ndipo mradi wa OpenWrt ulipoanzia mwaka 2004. Mwaka 2005 likaja toleo la 5: jina lilelile, sura ileile, lakini RAM imekatwa kutoka megabaiti 16 hadi 8, flashi kutoka 4 hadi 2, na Linux imeondolewa na kuwekwa VxWorks, mfumo endeshi usio huria. Watu walilalamika, na walisikilizwa. Ikatolewa WRT54GL, yenye RAM na flashi kama za awali, na herufi L kwa ajili ya Linux. Ile yenye herufi L iliendelea kuuzwa kwa zaidi ya miaka kumi, muda ambao ruta chache zimewahi kuufikisha. Waheshimiwa wa viwandani, herufi moja kwenye boksi iliwatosha wanunuzi wakajua wanachonunua, na aliyeiweka hakupata hasara.

Megabaiti nane za flashi zinaweza kuonekana ni jambo dogo. Kwetu ni tofauti kati ya kifaa cha miaka sita na kifaa cha mwaka mmoja. Kila toleo jipya la OpenWrt huwa kubwa kidogo kuliko lililotangulia, kwa sababu kernel inakua na usimbaji fiche unakua. Ruta zenye flashi ya megabaiti 4 na RAM ya 32 zimekwisha kuachwa, na zenye 8 na 64 ziko njiani. Leo naishauri kila jamii isinunue chini ya flashi ya megabaiti 16 na RAM ya 128. Lakini nitaisaidiaje kufuata ushauri huo, kama ukubwa wa flashi hauandikwi kwenye boksi wala kwenye tangazo la bidhaa?

3. Redio bila draiva ni pambo.

Hili linawahusu watengenezaji wa chipu. Draiva ni programu inayouwezesha mfumo wa ruta kuiendesha redio. Chipu za zamani za Atheros zilizotumia draiva ya ath9k zilitujengea nusu ya mitandao yetu, kwa kuwa draiva ile ilikuwa wazi na mtu aliweza kuirekebisha. Leo draiva ya mt76 ya chipu za MediaTek imo ndani ya kernel na hufanya kazi nzuri. Nyingi nyingine huja na kipande cha fimwea kilichofungwa ndani ya redio yenyewe, na kipande hicho ndicho huamua kama redio itakubali hali ya meshi au la. Nimewahi kununua ruta yenye OpenWrt kamili, kila kitu kikiwaka, kasoro meshi tu. Nodi nzuri ya meshi inahitaji redio mbili, kwa sababu redio moja inayopokea na kupeleka mbele kwenye chaneli ileile hupoteza takriban nusu ya kasi katika kila hatua. Kwa hiyo tunazihitaji zote mbili, moja ya gigahezi 2.4 na moja ya gigahezi 5, na zote ziwe na draiva inayosomeka.

4. Ada ya idhini haitofautishi 40 na 40,000.

Sasa nageukia mamlaka. Katika nchi nyingi kila modeli ya ruta lazima iidhinishwe kabla ya kuingizwa. Sipingi sheria hiyo. Masafa ni mali ya wote na lazima yalindwe. Ninachopinga ni mfumo unaomdai mwanakikundi anayeleta ruta 40 ada ileile, ripoti zilezile za maabara na mwakilishi yuleyule aliyesajiliwa, kama anavyodaiwa mwagizaji wa kontena zima. Ukigawa ada hiyo kwa ruta 40,000 haionekani. Ukiigawa kwa 40, yaweza kuizidi bei ya ruta zenyewe. Na mara nyingi kifaa hichohicho kimekwisha kupimwa kwingine kwa viwango hivyohivyo.

Umoja wa Ulaya, ambao hakuna anayeweza kusema unapuuza masafa yake, humruhusu mtengenezaji wa kifaa cha Wi-Fi kinachofuata viwango vilivyooanishwa akipime na kutoa tamko lake mwenyewe la ulinganifu. Mamlaka hukagua sokoni na kuwaadhibu wanaodanganya. Njia ipo basi, na imetumika kwa miaka.

Mnajua kinachotokea pasipo na njia hiyo. Ruta huingia mikobani mwa wasafiri, moja leo, mbili kesho. Sijafanya hivyo na sitaki kufanya. Vijana ninaowafundisha wananitazama, nami nataka waone kwamba mtandao wa jamii unaweza kujengwa kwa karatasi zilizonyooka.

5. Forodha, kifaa kimoja kina majina mengi mno.

Chini ya Mkataba wa Teknolojia ya Habari wa mwaka 1996, nchi zilizojiunga ziliondoa ushuru wa forodha kwenye bidhaa nyingi za mawasiliano, na ruta ni mojawapo. Katika mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa bidhaa ruta huingia kwenye kifungu namba 8517.62. Antena yake ilikuwa 8529.10 mpaka mabadiliko ya mwaka 2022 yalipoipeleka 8517.71. Boksi lisilopitisha maji tunalofungia ruta lina kifungu chake, nguzo ina chake, na kifaa cha kupitisha umeme kwenye waya wa mtandao kina chake. Afisa mmoja huona vifaa vya mawasiliano, mwenzake huona vipuri, wa tatu huona mitambo ya redio inayohitaji kibali kabla ya kuguswa. Tofauti ya macho hayo ndiyo tofauti ya mzigo kutoka kwa siku mbili au kwa wiki tisa, huku ghala likihesabu ada ya kila siku. Kuna mzigo wetu mmoja ambao ada yake ya ghala ilizidi bei ya antena zilizokuwa ndani yake. Kampuni kubwa ina wakala wa kudumu anayejua mlango wa kubisha. Kikundi cha watu 60 hakina.

6. Ruta tunazozihitaji zinatupwa.

Kampuni za intaneti humpa mteja ruta, na mteja akihama au kifurushi kikibadilika ruta hiyo hurudishwa au hutupwa. Nyingi bado ni nzima. Zina redio mbili, RAM ya kutosha, na tayari zilishaidhinishwa na kulipiwa kila kitu. Zimefungwa tu, wakati mwingine kwa ufunguo ambao hata kampuni iliyozigawa haina. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndani ya lundo hilo wamo wafanyakazi wangu wa mapaani. Nimeshika mikononi mwangu kasha zima la ruta za aina hiyo, nikawasha moja, taa zikawaka zote, kisha nikarudisha kasha kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Kati ya yote niliyoyaandika hapa, hili ndilo linaloninyima usingizi zaidi.

Najua majibu mtakayonipa, kwa kuwa baadhi nimekwisha kuyapokea.

Watengenezaji mtasema sheria ndiyo inayowalazimisha kufunga, maana mtu akiweka fimwea yake anaweza kuongeza nguvu ya redio au kuingilia rada za hali ya hewa kwenye gigahezi 5. Mwingiliano wa rada ni wa kweli, na mfungaji anayepuuza masafa ya rada hastahili kupewa ngazi. Lakini tazameni ilivyokuwa. Mwaka 2015 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa mwongozo uliowataka watengenezaji waeleze jinsi kifaa kinavyozuia fimwea ya watu wengine, na ikaitaja DD-WRT, fimwea nyingine ya aina hiyo, kwa jina. Malalamiko yakazuka, na Novemba mwaka huo tume ikaurekebisha mwongozo na kueleza kwamba haikukusudia kuipiga marufuku fimwea huria. Ilichotaka ni vigezo vya redio visivuke mipaka. Agosti 2016 kampuni ya TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 kwa sababu baadhi ya ruta zake ziliweza kuvuka kiwango cha nguvu. Zilivuka kwa mpangilio wa nchi uliokuwa ndani ya fimwea ya kiwandani, ambao mtumiaji yeyote aliweza kuubadilisha. Na katika makubaliano hayohayo kampuni iliahidi kushirikiana na watengenezaji wa chipu na wanajumuiya wa programu huria ili fimwea za wengine ziweze kuwekwa kwenye ruta zake. Mdhibiti mwenyewe ndiye aliyelitaka hilo. Vigezo vya redio vinaweza kulindwa peke yake, na mfumo mwingine wote ukaachwa wazi.

Nanyi wa mamlaka mtasema hamjawahi kumwagiza mtu afunge butiloda. Naamini. Lakini wengi wenu hamjaliandika popote, na mpaka mliandike, kila kampuni itaendelea kuwasingizia ninyi.

Mtasema pia kufunga ni usalama. Mwaka 2018 programu hasidi ya VPNFilter ilikutwa kwenye vifaa visivyopungua 500,000, hasa ruta, katika nchi zisizopungua 54. Vilivyoambukizwa vilikuwa vifaa vya nyumbani na ofisi ndogo, vingi vikiwa na udhaifu uliokwisha kujulikana lakini haujazibwa kwa sasisho. Ruta huachwa na mtengenezaji wake ikiwa bado ina miaka ya kuishi. Siku hiyo, kufuli lenu humzuia mwenye kifaa asikizibe tundu, na mshambuliaji haoni kufuli lolote. OpenWrt imeendelea kuzihudumia ruta ambazo waliozitengeneza walizisahau zamani.

Na wapo watakaoniambia: vifaa vya wazi vipo, nunueni hivyo. Ni kweli, vipo, na nawaheshimu waliovibuni. Shirika la AlterMundi la Argentina lilibuni LibreRouter, yenye redio tatu, mahususi kwa mitandao ya jamii. Mwishoni mwa mwaka 2024 mradi wa OpenWrt pamoja na Software Freedom Conservancy, shirika linalotetea programu huria, ulitoa ruta ya OpenWrt One, iliyotengenezwa na Banana Pi: RAM ya gigabaiti 1 na flashi mbili, moja ikiwa ya akiba ili kifaa kiweze kufufuliwa hata ukikosea. Vimethibitisha kwamba ruta ya wazi inaweza kubuniwa, kupimwa na kuuzwa kihalali. Lakini hutengenezwa kwa maelfu, wakati zenu hutengenezwa kwa mamilioni, na tofauti hiyo ya wingi hurudi kwenye bei. Tena vikifika mpakani hukutana na ada zilezile za nambari 4 na vifungu vilevile vya nambari 5. Jamii isiyo na intaneti isilazimike kuwa na ruta adimu duniani ndipo iunganishwe.

Ninachoomba ni haya.

Kwenu watengenezaji: andikeni nje ya boksi toleo la kifaa, aina ya chipu, ukubwa wa flashi na wa RAM, na mkibadilisha chochote kati ya hivyo, badilisheni na namba ya modeli. Tuwekeeni njia ya kufungua butiloda inayomtaka mtu awe na kifaa mkononi, kama vile kubonyeza kitufe wakati wa kukiwasha. Hiyo haimsaidii mshambuliaji wa mbali, nasi inatutosha. Mkikubali dhamana ikome siku hiyo, tutakubali pia. Mkiacha kutoa masasisho ya modeli fulani, toeni ufunguo wake siku hiyohiyo. Na msimbo wa GPL uwekwe mahali unapopatikana bila kuandikiana barua miezi mitatu.

Kwenu watengenezaji wa chipu: hali ya meshi iwe wazi kwenye redio zenu, hata kama mengine mtayafunga.

Kwenu mamlaka za mawasiliano: tamkeni kwa maandishi kwamba kulinda vigezo vya redio hakuhitaji kufunga kifaa kizima. Likubalini tamko la ulinganifu au ripoti ya maabara inayotambulika kutoka nchi nyingine pale kiwango kinapokuwa kilekile. Wekeni ada inayolingana na idadi kwa vikundi vilivyosajiliwa, na orodha ya wazi ya modeli zilizokwisha kuidhinishwa ili tununue hizo kwanza. Na kwenye leseni za kampuni za intaneti ongezeni sharti kwamba ruta inayorudishwa na mteja itolewe ikiwa imefunguliwa kabla ya kwenda kwenye taka.

Kwenu wa forodha ombi ni dogo kuliko yote: ukurasa mmoja unaotaja ruta, antena, vifaa vya kupitisha umeme kwenye waya na maboksi ya nje, kila kimoja na kifungu chake, ili afisa na mwagizaji wasome kitu kimoja. Na mzigo mdogo wa kikundi kilichosajiliwa upewe muda wa kuamuliwa kabla ada ya ghala haijaanza kuhesabiwa.

Nawapa siku 90, nikijua kwamba maamuzi mengine huhitaji vikao. Jibu la kwanza halihitaji kikao. Kampuni iliyotengeneza ruta zetu 31 ina barua yangu, ina namba za stika zote, na inaweza kututumia ufunguo wa butiloda leo. Mapaa yameshachaguliwa, waya umeshakatwa kwa vipimo, na vijana watano wanaojua kuflashi wanasubiri. Ufunguo ukifika Jumatatu, kufikia Jumamosi ya wiki hiyo ruta zote zitakuwa juu.

Wenu kwa heshima,

Mfungaji wa nodi na mwalimu wa wafungaji